Uyoga mgumu umeota kwenye mwarobaini mzima hapa Malindi. Si huu ndio mti unaofukuza kuvu?

#1 MwanaShella
Salaam wanajukwaa. Nyuma ya nyumba yetu hapa Shella kuna mwarobaini alioupanda marehemu babu. Mti ni mzima, una majani tele, na maua umetoa juzi tu. Baada ya masika nimeona kitu kimejitokeza kwenye shina, usawa wa goti, upande unaotazama kisima. Kimekaa kama kirafu cha ukutani, upana wake shibiri kasoro vidole viwili. Juu ni kahawia iliyoiva, ina pete pete, na ukingo wake ni mweupe kama chokaa mbichi. Chini ni cheupe chote, na nikikwaruza kwa ukucha pale pale panageuka kahawia. Kisu cha jikoni kimeteleza, hakikuingia. Halafu kuna mpilipili chini yake, majani yake yamejaa vumbi la rangi ya kakao. Nilidhani ni la barabarani, nikayafuta. Kesho yake asubuhi limerudi.

Majani ya mti huu tunayatia kwenye magunia ya mahindi, ngozi ikiwasha tunayachemshia. Sasa kuvu imepataje kuota juu yake? Na ni kuvu gani? Picha nne nimeweka.

#2 Mpate_Asilia
Shela ipi? Kama ni ya kwetu Lamu niambie, nidandie mtaboti kesho nije nione kwa mato yangu.

#3 MwanaShella
Shella ya Malindi ndugu yangu. Ya kwenu ina mchanga, yetu ina matuktuk.

#4 Mwalimu_Baiolojia
Ahsante kwa maelezo ya kina, watu wengi huleta picha moja ya ukungu mweupe wakataka jina. Dalili ulizotaja, tumbo jeupe linalogeuka kahawia likikwaruzwa na vumbi la kakao, zinaelekea Ganoderma, jenasi ya kuvu ngumu zinazoozesha miti, kundi la spishi applanatum na australe. Vumbi ndiyo spora zake, yaani mbegu zake. Uyoga mmoja mkubwa wa kundi hilo hutajwa kumwaga hadi spora bilioni 30 kwa siku, kwa miezi mfululizo. Ndiyo maana mpilipili wako hausafishiki. Watu wa nchi nyingine huchora picha kwa mwiba kwenye lile tumbo jeupe, ukikauka mchoro unabaki miaka.

Spishi sikutajii kwa picha. Akikutajia mtu, muulize amejuaje.

#5 Babu_wa_Gongoni
Kwanza tujue mti. Vijana siku hizi kila chenye majani membamba ni mwarobaini. Kuna mmelia, wengine wanauita mwarobaini nusu, na huo kuoza ni kawaida yake. Una hakika gani?

#6 MwanaShella
Babu, shikamoo. Jani nimelipiga picha ya tano sasa hivi. Kikonyo kimoja, vijani viwili viwili kushoto na kulia, kingo zina meno kama msumeno. Maua meupe. Tunda linaiva manjano, kunguru wanalipigania.

#7 Babu_wa_Gongoni
Marahaba. Basi ni mwarobaini kweli, sina neno. Mmelia kikonyo chake hugawanyika tena kabla hujafika kwenye vijani, ua ni la zambarau, na kokwa lina tundu katikati, watu hutungia tasbihi. Nauliza kwa sababu nimeona rekodi kadhaa mtandaoni zimeandikwa "mwarobaini" na nyuma yake unaonekana mmelia umesimama wazi. Uyoga umepigwa picha kumi, mti hata moja. Hapo umeandika nini?

#8 BintiNgomeni
Huku kwetu tunauita mkilifi. Tukianza na majina tutafika Idi.

#9 Daktari_wa_Miche
Nijibu swali la "imepataje". Ule uchungu tunaousifia, azadirachtini, uko zaidi kwenye kokwa na kiasi kwenye majani, na kazi yake kubwa ni kwa wadudu: unawaharibia kula na kukua. Kiini cha shina ni kitu kingine. Pale ndani ni mti mfu hata kama nje kuna uhai, na Ganoderma ndicho chakula chake hicho. India, mwarobaini ulikotoka, Ganoderma imeandikwa juu ya mti huu zamani sana. Ina hata ugonjwa wa kuvu wa kwake unaokausha ncha za matawi, Phomopsis azadirachtae. Kwa hiyo "mwarobaini haushiki kuvu" ni maneno ya wauza dawa.

#10 Mama_Mkilifi
Daktari #9, mimi nauza hiyo dawa na sijawahi kusema hivyo. Ila nakubali la kiini. Ninachotaka kujua ni jambo moja: mwanangu MwanaShella, huo mti umebanduliwa gome? Kila mwenye homa mtaani akija na panga, shina linabaki na vidonda, na hapo ndipo mlango. Mimi nikichukua gome nachukua kwenye tawi, tena upande mmoja, nasema bismillahi na ninaacha.

#11 MwanaShella
Shukran mama. Ndiyo, umebanduliwa sana, miaka na miaka. Lakini vidonda viko upande wa barabarani, juu ya kifua. Uyoga uko nyuma, gotini.

#12 Mama_Mkilifi
Mlango si lazima uwe sebuleni.

#13 Fundi_Matondoni
Assalaam aleikum. Mimi kuvu sizijui majina, mti naujua. Sisi tukienda mikokoni kutafuta mataruma, mbavu za jahazi, za mlilana au mkomafi, tukiona hiyo rafu tunaupita. Hata kama uyoga ni mmoja na mdogo kama kofia ya mtoto, ndani kumekwisha kuliwa yuu na tini. Unagonga kwa kisogo cha shoka. Mti mzima hujibu "ko", mfupi. Ulioliwa hujibu kama mtu anayekohoa ndani ya pipa. Gonga kila shibiri, kutoka mzizini kwenda yuu, uweke alama sauti inapobadilika.

#14 Mzalendo_Leicester
Uzi mtamu. Niko Uingereza, huku kuna watu wazima wanajitolea kila Jumapili na madaftari kuandika hivi vitu, na neno la kwanza wanalouliza ni la Babu #5: mti gani? Kuna uyoga mmoja huku, Fomitopsis betulina, unaota karibu siku zote kwenye mti wa betula. Yule maiti wa kale aliyekutwa barafuni milima ya Alps mwaka 1991, wa miaka zaidi ya 5,000, alikuwa amebeba vipande vyake vimetungwa kwenye kamba ya ngozi. Sasa mtu akisema kauona kwenye mti mwingine hawamkatalii, wanamwambia leta gome, leta jani, leta tunda. Mara nyingi jani likija, mti unageuka kuwa betula. Lakini mara moja moja haugeuki, na hiyo moja ndiyo yenye thamani.

#15 Kijana_Wa_Mtaani
Wakuu hiyo si reishi, ule uyoga wa dawa wa China? Naona inauzwa bei ya dhahabu. MwanaShella tufanye biashara.

#16 Mwalimu_Baiolojia
Kijana, ile inayolimwa China ilipewa jina lake mwaka 2012, Ganoderma lingzhi, na juu inang'aa kama imepakwa vanishi. Ya MwanaShella haing'ai. Na jina Ganoderma lucidum, ambalo wengi huiita reishi, lenyewe kwa asili ni la kuvu ya Ulaya. Kwa miaka mingi kila Ganoderma yenye kung'aa ya nchi za joto imebandikwa hilo jina kimakosa. Usichemshe kitu usichokijua, tafadhali sana.

#17 Bi_Faza
Mimi nimekuja na kisa changu. Kuna mkomafi mmoja huku Lamu, njia ya kuelekea mlango wa Mkanda, mtu mzima hawezi kuukumbatia. Umeota rafu tatu, nyeusi nyeusi juu, zimepasuka pasuka kama ardhi ya kiangazi, chini kahawia ya kutu. Mai ya bamvua yanafika mpaka mzizini. Nilikuwa naamini chumvi huua kuvu, ndiyo maana tunatia samaki chumvi. Sasa ile inaishije pale?

#18 Daktari_wa_Miche
Bi Faza, chumvi iko kwenye maji na tope. Shinani, juu ya alama ya maji, mti umeshaichuja sehemu kubwa. Na mkomafi hauko peke yake: mwaka 2014 watafiti waliandika spishi tatu za kuvu za jenasi Fulvifomes zinazoozesha mkomafi huo huo, Xylocarpus granatum, kule Thailand. Kahawia ya kutu na mipasuko juu ndivyo kundi hilo lilivyo. Sisemi yako ni moja ya hizo tatu. Nasema Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ni nani ameshakwenda na daftari kuandika kuvu zake? Wewe umeiona ukipita na mtumbwi.

Ukirudi: picha ya juu, ya tumbo kwa karibu mpaka vitundu vionekane, ya ubavu, kisha mti mzima, gome, jani, na lile tunda kubwa la mviringo. Weka sarafu pembeni. Andika kimo kutoka kwenye alama ya maji, na kama mti uko hai.

#19 Fundi_Matondoni
Bi Faza mti huo naujua. Nikuambie, ulikuwa na tawi kubwa lililokatwa zamani, kabla boriti za mikoko hazijapigwa marufuku kusafirishwa nje mwaka 1982. Kovu lake lipo bado, na rafu ya kwanza iko chini yake.

#20 Bi_Faza
Fundi, kovu liko upande wa pili. Rafu zinatazama mkondo.

#21 Fundi_Matondoni
Basi nimechanganya na ule wa mbele. Nisamehe.

#22 Mvuvi_Mayungu
Turudi Malindi. Huo mwarobaini uko karibu na kisima na maji ya visima vya Shella yana chumvi siku hizi. Mti ukinyweshwa chumvi kila siku unadhoofika, kuvu inapata nafasi. Hayo mengine mapambo.

#23 MwanaShella
Maji ya kisima chetu ni ya kuoshea tu, kweli yana chumvi kidogo. Ila kuna minazi miwili inakunywa hapo hapo na haina kitu.

#24 Kilimo_Msabaha
Hapo kwenye minazi ndipo ningechimba. MwanaShella, kuna kisiki cha mnazi karibu? Ganoderma ya minazi India Kusini, huko Thanjavur, iliripotiwa mwaka 1952, na njia yake kubwa ni visiki vilivyoachwa ardhini: mzizi unagusa mzizi, kuvu inahama. Mnazi ukishikwa unatoa utomvu wa kahawia chini ya shina, makuti yanalegea. Kwangu nilikata mnazi nikaacha kisiki, miaka minne baadaye mvinje wa jirani, hatua tano tu, ukatoa rafu. Siwezi kuapa ni kuvu ile ile. Lakini tangu siku hiyo kisiki naking'oa.

#25 MwanaShella
Kilimo, umenishtua. Mama anasema palikuwa na mnazi pale pale ulipo mpilipili, ulikatwa kabla sijazaliwa.

Jana nimefuata ushauri wa Fundi #13. Nimegonga kwa kisogo cha shoka. Kutoka ardhini mpaka kiunoni upande wa kisima sauti ni ya pipa, kama alivyosema. Upande wa barabarani "ko" kila mahali, hata chini ya vidonda vya gome. Kisha nimefukua udongo kidogo. Mzizi mmoja mnene unaoelekea mpilipili umeshikamana na mchanga, umeganda kama umepakwa gundi, hautoki kwa kusugua. Chini ya huo mchanga kuna ganda la kahawia linaloelekea weusi. Picha nimeweka.

#26 Msitu_Gede
Hiyo picha ya mzizi ndiyo nzito kuliko zote. Mchanga ulioganda mzizini na ganda la kahawia nyeusi ni alama ya kuvu nyingine kabisa, Phellinus noxius, siku hizi inaitwa Pyrrhoderma noxium. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1932 kule Singapore. Inashika zaidi ya aina 200 za miti, inatembea mzizi kwa mzizi, na Hong Kong na Taiwan imeangusha miti mikubwa ya barabarani. Mwalimu #4 amesoma rafu, lakini muuaji anaweza kuwa yuko chini na rafu ni mgeni tu aliyekuta meza imeandaliwa.

#27 Mama_Mkilifi
Au ni gundi. Mwarobaini ukijeruhiwa unatoa gundi ya rangi ya asali, ikianguka mchangani inaganda hivyo hivyo. Nimeiona mara nyingi. Ukiitia kwenye maji ya moto inalainika. Mwanangu, jaribu kipande kwenye kikombe.

#28 Msitu_Gede
Mama, hilo sikuliwaza. Ajaribu kweli. Na kama ana soda ya kutengenezea sabuni, achanganye kidogo sana na maji mengi, avae glavu, adondoshe tone moja kwenye nyama ya ile kuvu. Jamii ya Phellinus hugeuka nyeusi mara moja.

#29 Mwalimu_Baiolojia
Tahadhari: hata nyama ya kahawia ya Ganoderma hugeuka giza ikipata soda, ndiyo maana wanafunzi hudanganyika. Weusi peke yake hauamui. Kinachoamua ni hadubini: spora ya Ganoderma ina kuta mbili na ncha moja kama imekatwa. Unaweka kipande juu ya karatasi usiku mmoja, unafunika na bakuli, asubuhi una spora za kutosha. Zifunge kwenye karatasi hiyo hiyo. Nailoni huvundisha.

#30 Jirani_wa_Barani
Mnasumbuka bure. Mti umechomewa taka. Nenda Malindi yote, mti wenye uyoga chini, tazama kama hakuna jaa la kuchoma mizizini.

#31 MwanaShella
Taka tunachoma upande wa barabara.

#32 BintiNgomeni
Upande wa barabara una kila kosa na hauna ugonjwa wowote. Maskini upande wa kisima.

#33 Mpate_Asilia
Mimi nina kigogo cha mwembe uani kimejaa viuyoga vyekundu kama pilipili iliyoiva, vyembamba. Ni ndugu zake?

#34 Msitu_Gede
Kwa maelezo hayo inaelekea Pycnoporus sanguineus. Inapenda mti mfu unaopigwa na jua, na mwembe si ajabu kwake. Iandike hata hivyo, hasa kama una hakika kigogo ni cha mwembe.

#35 Mpate_Asilia
Nina hakika, nimekula maembe yake miaka ishirini.

#36 Babu_wa_Gongoni
Huo ndio ushahidi ninaoupenda.

#37 Kilimo_Msabaha
Nyongeza kwa wanaodhani mambo haya ni ya wazungu na Waasia peke yao: mwaka 2018 watafiti wa hapa hapa jirani, Tanzania, waliipa jina kuvu kubwa ya milima ya Usambara, Kusaghiporia usambarensis. Spishi mpya na jenasi mpya kwa mpigo. Watu wa mlima huo wameipita miaka yote wakienda shambani. Orodha ya Ryvarden na Johansen ya kuvu hizi za Afrika Mashariki ni ya mwaka 1980 na wenyewe waliiita ya awali. Kwa hiyo MwanaShella na Bi Faza, msidharau mlichonacho. Kausheni kipande polepole, kivulini penye upepo mpaka kiwe chepesi, muandike siku, mahali, mti kwa jina la hapo kwenu kwanza na la kisayansi baadaye, kisha kipelekwe kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Picha mtu hubishana nayo miaka kumi, kipande kinafunguliwa kinatazamwa.

#38 Mzalendo_Leicester
Naunga mkono la jina la hapo kwenu. Mtu akiandika "neem" tu hatujui kama alitazama kikonyo. Akiandika "mwarobaini, si mmelia, ua jeupe, jani lenye meno" tunajua alisimama chini ya mti.

#39 Bi_Faza
Nimerudi kutoka Mkanda. Mtumbwi ulikwama saa mbili, nimepata muda wa kupima. Rafu ya chini iko mita moja na robo juu ya alama ya maji ya bamvua. Upana sentimita 22. Mti uko hai, una matunda mawili. Na kovu la Fundi nimeliona: liko upande wa pili kweli, lakini ukilifuata kwa chini, gome lina mstari uliozama, unauzunguka mti mpaka penye rafu ya kwanza. Picha kumi na moja, ya jani imo.

#40 Fundi_Matondoni
Alhamdulillahi, basi mti ni ule ule.

#41 Msitu_Gede
Au mstari ni wa radi. Usifunge daftari mapema, Fundi.

#42 MwanaShella
Habari za mwisho wa wiki. Kipande cha mzizi nimekitia maji ya moto kama Mama Mkilifi alivyosema. Nusu ya mchanga umedondoka, nusu umebaki umeng'ang'ania. Sijui nimpe nani ushindi. Karatasi ya spora imetoka kahawia ya kakao, imejichora duara lote, na iko ndani ya kitabu.

Majirani wanataka mti ukatwe kwa sababu watoto wa madrasa hupita chini yake kila alasiri. Mama hataki kusikia, anasema babu alikuwa akiswalia dhuha kivulini pake. Tumekubaliana tupunguze matawi ya upande wa barabara, watoto wapitie mlango wa mbele, na kisiki kichimbuliwe Jumamosi mpilipili ukishahamishwa. Kilimo #24 ameahidi kuja na sururu, na Msitu Gede aje na lenzi yake.

Ukingo mweupe nimeupima tena leo. Tangu nifungue uzi huu umesogea milimita nne.

#43 Mama_Mkilifi
Mkichimba, mzizi wa mwarobaini msiukate kabla sijafika. Natoka Watamu na matatu ya kwanza.